Tokeni ya mia mbili ndiyo ghali: kulipa bili Malindi kwa simu au dukani

Stima ikikatika saa mbili usiku Maweni au Muyeye, mtu ana njia mbili: anunue kwa simu yake tokeni, yaani nambari ya kuingiza kwenye mita ya kulipia kabla, au ampe mwenye duka pesa taslimu amnunulie. Wanaopendelea duka wana hoja. Kibarua hulipwa taslimu jioni, simu haina salio. Naye mzee ambaye macho yamepungua afadhali amtume mjukuu dukani kuliko kumpa mtu nambari yake ya siri.

Lakini mwenye duka huweza kukata chake. Kuweka pesa kwa wakala wa M-Pesa hakutozwi kitu. Basi duka likiwa na wakala, papo hapo weka ile pesa kwenye laini yako, kisha ulipe mwenyewe. Faida nyingine ni kwamba ujumbe wa tokeni unabaki kwenye simu yako, si ya muuzaji.

Makato yenyewe ndiyo watu wengi hawayapigii hesabu. Kwa viwango vya M-Pesa vya Julai 2023, pale ambapo mlipaji ndiye anayebeba gharama, malipo ya hadi shilingi 100 hayakatwi. Kuanzia 101 hadi 500 ni shilingi 5, hadi 1,000 ni 10, hadi 1,500 ni 15, hadi 2,500 ni 20. Sasa chukua tokeni za shilingi 1,000 kwa mwezi. Ukinunua mara moja, unakatwa 10. Mara mbili za 500, ni 10 vilevile. Mara tano za 200, ni 25. Mara kumi za 100, hukatwi hata senti. Anayeumia ni wa mia mbili mia mbili. Ikiwa pesa ni ya kudunduliza, nunua ya mia. Gharama yake ni kubonyeza tarakimu 20 kwenye mita mara kumi, na hatari ya kulala gizani.

Mtoto aliye Mombasa naye humtumia mama 1,000 za stima: kutuma ni 13, kisha mama analipa 10 tena. Jumla 23. Angeingiza nambari ya mita ya mama moja kwa moja kwenye 888880, nambari ya Kenya Power ya kulipia tokeni, zingekuwa 10, kisha amtumie mama tokeni kwa ujumbe. Ubaya wake upo: ukilipa bili, skrini huonyesha jina la kampuni, si la mwenye nyumba. Ukikosea tarakimu moja kati ya 11, waweza kuwasha taa ya mtu mwingine. Soma nambari kwenye mita yenyewe, usiitegemee kumbukumbu.

Tokeni ikichelewa, usilipe mara ya pili. Piga *977# ya Kenya Power uitafute ya mwisho.

Nyumba za wageni zinazofungwa miezi na miezi zina tatizo lao. Mita isiyohuishwa kabla ya 24 Novemba 2024 hukataa tokeni mpya mpaka uingize kwanza misimbo miwili ya kuihuisha, kila mmoja tarakimu 20, kwa mpangilio ulioletwa, ndipo tokeni yenyewe. Mtunzaji akianza na ya tatu, huenda akadhani mita imeharibika.

Bili ya maji haina haraka hiyo. Linganisha tu usomaji wa kwenye bili na mita yako kabla ya kulipa.

La kuogopa zaidi ni Fuliza, mkopo wa M-Pesa unaojazia salio lisipotosha. Ikikujazia pengo la 1,200, unalipa asilimia 1 hapo hapo, yaani 12, kisha 18 kila siku. Siku kumi ni 180, bila ushuru. Kwa pengo la hadi 1,000, siku tatu za kwanza hazina ada ya siku. Kwa hiyo ukilazimika kukopa ili taa iwake, kopa chini ya elfu na urudishe kabla ya siku ya nne.