Wasamaria wa Allsopps

Ukiwa na Subaru yenye tundu kwenye boneti hapa Nairobi, usidhani gari ni lako. Kitabu cha gari kina jina lako, sawa, lakini gari lenyewe ni la umma. Mlinzi wa geti ana maoni juu yake. Kinyozi ana maoni. Mtoto wa jirani, ambaye hata gia hajui ni nini, anakusimamisha asubuhi ukikimbilia kazi: "Anko, hiyo inatoa ngapi?"

Langu ni Forester la lita 2.0, injini ya EJ205, lililotoka kiwandani Japani na nguvu za farasi 220 zikipitia gia nne za otomatiki. Kwa gari la kubeba watoto, magodoro ya bweni na viazi vya Kinangop, hizo zinatosha na kubaki. Ila tabo yake ya kuzaliwa nayo (kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini), ile ndogo ya TD04, ilianza kupiga mluzi na kunywa oili, na kila asubuhi moshi wa bluu ulibaki nyuma ukiwasalimia majirani. Ilibidi ibadilishwe. Na fundi wangu wa Kariobangi Light Industries, mtu mpole ambaye hajawahi kuona kitu kidogo akakipenda, akaniuliza, "Sasa bosi, si tuweke kubwa mara moja?"

Hapo kamati ikaketi. Pale gereji hawakosi watu wanne watano ambao hawana gari linalotengenezwa, hawauzi chochote, na hawana safari. Wanakalia tairi kuukuu na kunywa chai. Waliposikia neno tabo, waligeuza tairi zao zikanielekea. Fundi alitaka ile kubwa ya 20G. Shemeji yangu, aliyekuja kunisindikiza tu, alitaka 16G, iliyo ndogo kidogo, kwa sababu Mitsubishi waliiweka kwenye Lancer Evolution, na picha ya Evo ilikuwa ukutani kwao tangu akiwa shule ya msingi. Kijana mmoja aliyevaa glavu mkono mmoja alitaka "ile ya Safari Rally", basi. Tukamwomba aongeze chai.

Aliyesema la maana ni mzee wanayemwita Profesa. "Tabo ni mapanga ya aina mbili kwenye mhimili mmoja," akasema. "Haya yanazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, yale yanasukuma hewa ndani. Zaidi ya mizunguko 100,000 kwa dakika. Ikiwa kubwa, inataka moshi mwingi ndipo iamke. Injini ya lita mbili itautoa wapi moshi huo, nawe uko nyuma ya lori la mchanga pale Mutindwa?" Kisha akatupandisha mlimani. Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yetu ina shinikizo la pauni 12 hivi kwa inchi ya mraba, ilhali Mombasa ni 14.7. Ukitaka tabo ikuongezee pauni 14, Mombasa itaibana hewa karibu mara mbili tu. Hapa ni mara 2.2 hivi. Tabo ile ile, kazi zaidi, na usingizi unachelewa kuisha.

Kamati ilinyamaza kwa heshima. Halafu fundi akasema, "Lakini 20G ikiamka, mzee!"

Aliyeamua ni mke wangu, wala hakujua kuna kamati. Wiki hiyo ndiye aliyekuwa akiendesha, nikamwomba anitazamie mshale wa mizunguko kutoka nyumbani Roysambu hadi kazini kwake Upper Hill. Jioni akanipa ripoti. "Haujapita 3,000. Ulifika 3,500 matatu iliponichomekea pale Muthaiga. Kwani unatakiwa uende wapi?"

20G kwenye injini kama yetu huanza kujaa vizuri ikikaribia 4,000. Yaani ningenunua tabo ya kupeleka mjini imelala na kuirudisha imelala, na petroli yake nalipia. TD04 nayo huamka mapema, ila ukiiomba zaidi huko juu inakosa pumzi. Nikachagua ya katikati, mojawapo ya zile za IHI za ukoo wa VF ambazo Subaru wenyewe waliziweka kwenye WRX STI. Niliinunua Kirinyaga Road, muuzaji akiapa kwamba imetoka Japani moja kwa moja. (Pale hata kifuniko cha redieta kimetoka Japani moja kwa moja.) Nikashika ncha ya mhimili nikausukuma mbele na nyuma, hauna mchezo. Nikamulika mapanga kwa simu, hakuna lililong'oka ncha. Bado najivunia tabo ile, na nalisema hili mapema kwa sababu yaliyofuata hayakuihusu hata kidogo.

Fundi aliifunga kwa unadhifu. Aliweka bomba jipya la oili, akatoa kile kichujio kidogo kilichojificha ndani ya boliti yake, ambacho kikiziba tabo hufa kwa kiu. Akaweka na bomba jipya la moshi, akalizungushia kitambaa cha nyuzi za kioo ili joto lisitawanyike chini ya boneti. Kitambaa hicho hulowekwa maji kabla ya kufungwa. Na mikono ya fundi, unaijua, haikukosa oili.

"Kitafuka kidogo leo," akasema akijifuta. "Usijali. Kikikauka imeisha hiyo. Na usikanyage mpaka kesho kompyuta ya injini ipangwe." Hewa ikiongezeka na petroli isiongezeke, injini inaungua. Nikaahidi kwenda polepole. Kwenye Outer Ring Road saa kumi na moja jioni, ahadi ya namna hiyo ni rahisi kutimiza.

Vijana wa boda walisikia mngurumo mpya wakajipanga ubavuni mwangu. "Buda, fungua hiyo kitu!" Niifungue niende nayo wapi? Mbele yangu kulikuwa na mkokoteni.

Karibu na Allsopps, yale makutano na Thika Road, tukasimama kabisa. Gari likisimama, hewa haipiti chini ya boneti. Na tabo ya Subaru iko nyuma ya injini, upande wa dereva, karibu kabisa na lile tundu. Moshi ulikuwa umengoja mlango, ukaupata. Ulianza mwembamba, ukanenepa, ukawa mweupe unapanda mbele ya kioo changu. Mimi nimetulia. Najua ni kitambaa. Nikaongeza hata sauti ya redio.

Mwenye boda akagonga dirisha. "Buda! Unachomeka!"

"Si moto. Ni kitambaa."

"Ati?"

"Kitambaa! Kimefungwa kwenye eksozi, kinakauka!"

Akamgeukia mwenzake. "Moshi umemwingia kwa kichwa. Mtoe!"

Makanga wa matatu iliyokuwa nyuma yangu alishafika. Akafungua mlango, akanishika mshipi wa suruali akavuta kwa nguvu zake zote. Mkanda wa kiti ukanirudisha. Akavuta tena, ukanirudisha tena. "Amebanwa!" akapaza sauti. "Leteni kisu!" Nikajifungua mwenyewe upesi, kisu kisije kikafika.

Wanaume wawili walinishikilia kando ya barabara nisirudi ndani. "Wachana nayo, mzee," mmoja akanibembeleza. "Gari hununuliwa."

Ndipo nikamwona mama wa mahindi ya kuchemsha akija na sufuria. Sehemu ya tabo inayopokea moshi ni chuma cha kalibu, na kikiwa na joto la jioni nzima, ukikimwagia maji kinaweza kupata ufa. Nikapiga kelele, "Mama, usimwage! Kitapasuka!"

Watu wakasikia neno la mwisho tu.

"ITAPASUKA!"

Allsopps nzima ilirudi nyuma. Abiria waliruka kutoka kwenye matatu kupitia madirishani. Wale wawili walioniokoa waliniachilia nikabaki peke yangu na mama wa mahindi, ambaye ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akikimbilia kitu kinachopasuka. Akainua sufuria akaimimina yote ndani ya tundu, maji, chumvi na mahindi. Mvuke ukapanda hadi usawa wa daraja. Sasa hata mimi ningeapa ni moto.

Mhubiri wa steji, aliyekuwa akizungumzia ndoa, akahama papo hapo. "Mnaona? Mnaona ziwa la moto?" akauliza kwenye kipaza sauti, kidole kikielekea Forester langu, na msaidizi wake akaanza kuzunguka na kapu.

Sheria inataka kila matatu iwe na mtungi wa kuzimia moto. Makanga wengi huacha kazi hiyo bila kuugusa. Huyu wetu bahati ilimwangukia. Alirudi nao mbio, akang'oa pini kwa meno, sijui kwa nini, akauingiza mdomo wa mtungi kwenye tundu la boneti akafungulia. Unga ulijaa chini ya boneti, ukakosa nafasi, ukarudi. Tulipoweza kuonana tena, makanga alikuwa mweupe, mimi mweupe, mama wa mahindi mweupe, na afande wa trafiki, aliyefika wakati huo huo na sare ya bluu, naye mweupe.

"Nani mwenye hii gari?"

Vidole vyote vikaninyooshea.

"Ina shida gani?"

"Haina shida, afande."

Akatazama gunzi lililochungulia kwenye tundu. Akanitazama tena. Akaamua kwenda kuongoza magari.

Simu ikaita, mke wangu. "Baba, uko wapi?"

"Niko Allsopps, nitakueleza..."

"Najua uko Allsopps, nakuona. Kwa grupu ya familia. Mama amepiga kutoka Murang'a analia. Umeumia?"

"Hapana."

"Asante Mungu. Sahani za chama ziko kwa buti. Usiondoke hapo bila hizo sahani."

Nikadhani tumemaliza, kumbe ndiyo hesabu inaanza. Makanga alisema kujaza mtungi ni pesa, na mwenye matatu atamkata. Nikamwambia hakukuwa na moto. Umati ukanigeukia kwa uchungu wa kweli. "Ungekuwa umekufa saa hii, buda! Lipa!" Nikalipa. Mama wa mahindi naye akahesabu mahindi yake kwa upole, moja baada ya jingine, na nikamlipa, kwa sababu ushujaa wake hauna bei na mahindi yanayo. Mwenye boda alitaka ya kugonga dirisha.

Unga ule ukichanganyika na maji unakuwa uji mzito mweupe, na ukiachwa unakula alumini, na intakula ya Subaru, kile kipoza hewa kilicho chini ya tundu, ina alumini. Haukuwa wa kulala nao. Wale wale walioniokoa wakanisukuma hadi kando, na gari la kuvuta likaturudisha Kariobangi. Kamati haikuwa imeondoka. Fundi alifungua boneti, akatoa hindi moja juu ya intakula, akaligeuza chini ya taa. "Limeiva," akasema. Kisha akachukua maji, brashi na mwanga wa simu, akaosha mpaka usiku. Kichujio cha hewa tulitupa. Tabo haikuwa na ufa, haikuwa na doa.

Kesho yake kompyuta ikapangwa, na mke wangu akasema ataenda nalo yeye kwanza, maana mimi natafuta watu. Jioni aliingia ndani akiwa na uso mwekundu wa furaha. Mshale ulifika 4,500 pale anapopanda kutoka Pangani, na alisikia tabo inaamka mapema, kabla hata hajafikiria. Matatu iliyotaka kumchomekea iliachwa ikishangaa.

"Na ukapita Allsopps salama?"

Alipunguza mwendo pale, akasema, na makanga mmoja aliyekuwa ananing'inia mlangoni akalitambua gari. Akainua mtungi mpya juu ya kichwa. "Mathe! Nimejaza! Tuko nyuma yako!" Na kweli walimfuata hadi Roysambu, wakapita na steji ya abiria wao.