Kabla ya kununua hadubini ya konfokali, uliza kama seli zitabaki hai

Zabuni nyingi za hadubini ya konfokali, ile inayotumia leza kupiga picha ya seli tabaka moja moja, huandikwa kama orodha ya mahari: leza nne, vihisi vitano, na uwezo wa kuona vitu vidogo zaidi ya vile vinavyoonwa na maabara ya jirani. Kwa sampuli iliyohifadhiwa kwa fomalini sina ugomvi. Kilichokufa hakifi tena. Kwa seli hai, mwanga wenyewe ndio adui.

Marvin Minsky, mbunifu wa hadubini hii aliyeomba hataza mwaka 1957, alikuja na ujanja wa kitundu kidogo mbele ya kihisi, kinachozuia mwanga utokao juu na chini ya tabaka unalolitazama. Picha inatakata. Lakini leza imepita unene wote wa seli, pamoja na tabaka ambazo mwanga wake unatupwa. Seli inaumia bure.

Mfano ninaoupenda ni kimelea cha malaria. Akiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu hula hemoglobini na kuacha fuwele nyeusi za hemozoini, ambazo hunyonya mwanga na kupata joto. Ukizidisha leza, chembe inaweza kupasuka kabla ya wakati wake, nawe ukaandika kwamba umeshuhudia vimelea wakitoka. Umeshuhudia leza yako tu.

Ndiyo maana kwa seli zilizotandaa juu ya kioo nachagua konfokali ya kisahani kinachozunguka, bila kusita. Kisahani kina maelfu ya vitundu (wazo la Paul Nipkow la mwaka 1884, lililotumika pia kwenye televisheni za mwanzo), hivyo nukta nyingi huangazwa kwa pamoja kwa mwanga hafifu na kamera hunasa picha nzima haraka. Kwenye tishu nene kinashindwa: mwanga uliotawanyika hupenyea vitundu jirani, picha ikawa ukungu. Huko itafute ile inayosoma nukta moja moja, na kwa kina cha mamia ya maikromita (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita), ya fotoni mbili, ambayo leza yake huamsha mwanga pale tu inapolenga.

Halafu lenzi. Watu hulipia leza ambazo hawataziwasha, kisha wanabaki na lenzi ya mafuta peke yake, ile inayowekewa tone la mafuta kati yake na kioo cha sampuli. Seli hai zinaishi majini, na mafuta hupinda mwanga kuliko maji. Ukizama makumi kadhaa ya maikromita, picha inapotoka. Mimi ningefuta leza moja ninunue lenzi ya maji.

Mkataba wa matengenezo usomwe kabla ya kusaini, hasa kipengele cha fundi anatoka mji gani.

Muuzaji atakuja na slaidi yake ya sampuli, yenye rangi za kupendeza. Ikatae. Mpe seli zako azipige picha usiku kucha, nyuzi 37, kaboni dayoksaidi asilimia 5. Asubuhi zilinganishe na seli za kisima cha pili (kitundu kingine cha sahani ya kukuzia seli) ambazo hazikupigwa leza. Kama hizo zimegawanyika na zilizopigwa picha zimedumaa, mashine hiyo haikufai, hata picha ziwe nzuri vipi. Na muuzaji anayekwepa jaribio hilo simwiti mara ya pili.