Marehemu Ameomba Pilipili

Ukitaka kumuua mtu kwenye filamu hapa Dodoma, adui yako wa kwanza ni upepo. Majirani utawaomba, mwenyekiti wa kijiji utampelekea barua, maiti mwenyewe ukimnunulia soda anatulia. Ila upepo wa Julai, unaokuja na vumbi jekundu la nusu ya wilaya ya Bahi, hausikii mambo ya "kimya, tunarekodi". Maiki yetu tuliifunga kwenye mpini wa fagio, tukaivisha soksi ya sufu, na bado ukisikiliza ile rekodi utadhani muuaji alikuja na helikopta.

Kazi ilikuwa ya darasani: filamu fupi ya taharuki, dakika kumi, isizidi. Mwalimu wetu alitueleza kwa mfano wa Alfred Hitchcock, yule Mwingereza wa filamu za kutisha. Watu wawili wako mezani wanapiga soga, na chini ya meza kuna bomu. Likilipuka tu bila taarifa, mtazamaji anashtuka sekunde 15, basi. Lakini mwonyeshe lile bomu mapema, halafu waache wale wawili waendelee na habari zao za mpira, utamweka roho juu dakika 15 nzima. "Kwa hiyo taharuki," akasema, "ni mtazamaji kujua jambo ambalo mhusika halijui." Tuliliandika hilo kwenye madaftari tukalipigia mstari. Hakuna aliyefikiria kwamba wahusika tungekuwa sisi.

Timu ilikuwa hivi. Direkta, ambaye cheo alikipata kwa sababu ndiye aliyekuwa na kofia. Kamera, mtu wa maneno machache. Muuaji, kijana mpole kupita wote, mwimba kwaya, ambaye kabla ya kila pigo la panga alikuwa anamwambia mwenzake "samahani". Na Marehemu. Jina lake halisi sitalitaja, na hata nikilitaja hapa chuoni hakuna atakayemjua. Mimi nilishika pesa, kwa hiyo niliitwa Mama Bajeti, jina kubwa kuliko bajeti yenyewe.

Vibali nilivihangaikia mimi. Nchi hii kupiga filamu kuna sheria yake tangu 1976, na mwalimu alikwisha kutuonya kwamba kamera ikionekana bila karatasi, maelezo yanakuwa marefu. Nikawa na barua ya idara, barua ya kijiji, mihuri mpaka kwenye kiganja. Karatasi zote zilikuwa sawa kabisa. Kilichotuangusha ni bango.

Filamu iliitwa "Buriani". Direkta alitaka bango la kuwaita watu kwenye maonyesho, akalitengeneza usiku kwa simu yake. Nitalieleza kama lilivyokuwa, uamue mwenyewe. Juu, picha ya Marehemu akitabasamu, nyeusi na nyeupe. Pembeni, mshumaa unawaka. Katikati, herufi kubwa: BURIANI. Chini: "Ijumaa, saa 10 jioni. Mchango wako ni muhimu." Halafu namba ya simu ya kutuma pesa.

Hiyo namba nayo ina habari yake. Laini ya Direkta ilikuwa na mkopo, pesa ikiingia inakatwa palepale kabla hajaiona. Yangu nilikataa, nina akili zangu. Tukaweka ya Marehemu. Sasa Marehemu, wakati anasajili laini, namba yake ya NIDA ilikuwa haijatoka, akasajiliwa na dada yake. Kwa hiyo ukituma pesa linakuja jina la mwanamke mwenye ubini uleule wa kijana aliye kwenye picha ya mshumaa. Wewe ungefikiri nini?

Direkta alilirusha lile bango kwenye makundi yote alfajiri, tukiwa tunapakia vifaa kwenye kirikuu. Nusu saa baadaye tulishaipita Nala, na mbele kidogo tukaacha lami tukaingia porini kwenye miamba na mibuyu, mahali ambapo mtandao haujawahi kufika.

Siku ile ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Usiku wa filamu tuliupiga mchana, kamera imebanwa mwanga mpaka jua la Dodoma likawa mbalamwezi. Damu niliipika mwenyewe: choya iliyochemshwa ikakolea, sukari nyingi ili iwe nzito, unga wa kakao kidogo kuua ule wekundu wa juisi. Ilitoka damu safi, ya kutisha kweli. Tatizo la damu ya sukari ni kwamba porini ina wateja. Walianza nzi. Kisha Marehemu akiwa amelala chali chini ya mbuyu, macho wazi, Kamera anamsogelea taratibu kwa ajili ya picha ya karibu, likaingia kundi la mbuzi. Beberu mmoja mwenye ndevu akaenda moja kwa moja kwenye jeraha la shingo akaanza kulamba. Na Marehemu, Mungu amlipe, hakupepesa jicho. Alitekenywa, machozi yakamtoka kwa kujizuia kucheka, lakini alibaki maiti.

Mchungaji, mzee wa Kigogo mwenye fimbo ndefu na koti la baridi, akasimama anatazama.

"Mbukwa," akatusalimu.

"Mbukwa, babu. Shikamoo."

"Marahaba." Akamtazama Marehemu, akamtazama beberu, akatutazama sisi. "Mbuzi halambi damu. Huyu mtu wenu mmemmwagia juisi."

Akaswaga mbuzi wake akaenda zake. Kwa yote yaliyotokea siku ile, mkoa mzima, mtu pekee aliyefanya uchunguzi ni yule babu.

Mchana Marehemu alipanda juu ya mwamba mkubwa kwa ajili ya kipande cha kukimbizwa, akachelewa kushuka. Aliposhuka uso umechangamka. Ana kitochi, simu ya batani, haina WhatsApp wala nini, ila huko juu kilinasa mtandao kidogo na meseji zikaanza kupenya. Elfu tano. Elfu kumi. Elfu mbili. Elfu kumi tena.

"Mama Bajeti," akaninong'oneza, "watu wanaipenda sanaa."

Nikapiga hesabu ya tiketi ya elfu mbili, nikaona kuna watu wamenunua viti vitano vitano. Sikuuliza zaidi. Mtunza pesa akiona pesa, anaihesabu.

Jioni tukarudi. Simu zetu zote zilikuwa zimekufa chaji kwa kumulikia, kilichobaki hai ni kitochi cha Marehemu. Tulisimama Nala, akatoa pesa kwa wakala, akatununulia wote chipsi kuku. Wote, mpaka dereva wa kirikuu. Tunakula, simu ikaita. Akaipokea, ameiweka sauti kubwa kwa sababu mikono ina mafuta.

"Pole sana, kaka," sauti ya msichana, nzito.

"Asante, tumeshapoa. Ni kazi tu."

Kimya kidogo. "Imetokeaje lakini?"

"Kwa panga. Mara nne, maana ile ya kwanza jua lilikuwa kali."

Simu ikakatika. Marehemu akachukua paja jingine la kuku. Tukaendelea kuzungumza habari za Simba na Yanga. Bomu liko chini ya meza, na kila mtu Dodoma analiona isipokuwa sisi.

Kutoka Nala baridi ilikuwa imeshaanza kuuma. Marehemu alikuwa hajaoga, damu imemkaukia shingoni na kifuani, akajilaza nyuma ya kirikuu kati ya mabegi, akajifunika shuka jeupe tulilokuwa tunatumia kurudishia mwanga, mpaka kichwani, akapitiwa na usingizi. Giza lilikuwa linaingia tulipokata kona ya mtaa tulikopanga, Nkuhungu.

Nje ya geti kulikuwa na turubai.

Chini ya turubai, viti vya plastiki. Pembeni, masufuria yale ya shughuli kwenye mafiga, akina mama wamejifunga khanga, mmoja anapepeta mchele. Ngozi ya mbuzi imetundikwa kwenye michongoma. Direkta akasema, "Kha, mwenye nyumba amefiwa." Tukashuka na nyuso za msiba, tukiwa tunajiandaa kutoa pole.

Mama mwenye nyumba akatuona sisi. Kisha akaona kirikuu. Kisha akaona shuka jeupe nyuma, na miguu miwili inatokeza.

Kilio kilichopigwa pale sijawahi kukisikia. Kilianzia kwake kikapita mafigani kikaenda mpaka nyumba ya tatu, na huko wakakipokea. Wanaume wanne wakaja mbio, wametulia, watu wazima wanaojua wajibu wao, wakashika shuka pembe nne ili washushe mwili kwa heshima.

Mwili ukakaa.

"Tumefika?" ukauliza.

Nilichokiona baada ya hapo nakikumbuka vipandevipande. Wanaume wanne hawakuwepo tena. Baba mwenye nyumba, mtu wa kisukari na magoti mabovu, aliruka michongoma ambayo mimi siwezi kuiruka. Kiti cha plastiki kilipita juu ya kichwa changu. Kiongozi wa darasa letu, aliyekuwa ameshika daftari la rambirambi, alikimbia nalo mpaka barabara kuu, akarudi baadaye sana kwa bodaboda. Muuaji alipiga magoti akaanza kusali, na kwa kuwa bado alikuwa na panga kiunoni, hilo halikumtuliza mtu.

Mmoja tu hakukimbia. Mzee mrefu, kofia mkononi, begi dogo miguuni. Marehemu alimwona, na malezi yakamtangulia akili.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," akajibu mzee, kwa mazoea tu, huku midomo inatetemeka. Alikuwa ametoka Manyoni na basi la mchana. Akamsogelea, akamgusa paji la uso. Akaigusa damu, akainusa. Halafu akamzaba kofi ambalo maiki yetu, na soksi yake, ililinasa vizuri kuliko sauti nyingine yoyote ya filamu nzima. Baada ya kofi akamkumbatia. Baada ya kumkumbatia akamzaba jingine.

Mwenyekiti wa mtaa aliitisha kikao palepale chini ya turubai. Swali halikuwa nani kakosea, hilo waliliahirisha. Swali lilikuwa wali. Wali umeshaiva, mbuzi ameshachinjwa, na chakula cha msiba hakirudi dukani. Mzee mmoja akatoa hoja kwamba kula chakula cha msiba pasipo maiti ni kujitafutia mkosi. Mwingine akasema maiti yupo, yule pale anajikuna. Hoja ya pili ikapita.

Kisha kiongozi wa darasa, alipokwisha kunywa maji, akaagizwa asome daftari, ili kila mtu ajue alichotoa na namna ya kurudishiwa. Hapo ndipo nilipomwonea huruma Marehemu. Binadamu hakuumbwa asikilize rambirambi zake mwenyewe. Alikaa kiti cha mbele, anasikia majina na shilingi. Jamaa anayemdai elfu ishirini tangu muhula wa kwanza alikuwa ametoa elfu kumi. Jamaa anayedaiwa naye elfu ishirini alikuwa ametoa elfu moja. Mwenzake wa chumba, anayekula sufuria moja naye kila siku, alikuwa ameandikiwa "ahadi". Na msichana mmoja, ambaye Marehemu alikuwa ametuapia kwamba wameachana kwa ubaya na hamtaki hata kwa dawa, alikuwa ametoa elfu hamsini.

"Rudia hapo," Marehemu akasema.

"Elfu hamsini."

"Nani aliipokea? Alikuwa analia?"

"Kaa chini, marehemu," mwenyekiti akamwambia.

Sahani zikaanza kupita. Marehemu akaingia kwenye mstari kama watu, akaondolewa: wafiwa kwanza. Mjomba akapewa paja. Wazee wakapewa. Akina mama wakajipakulia. Alipofikiwa, umebaki ukoko na mchuzi, akaupokea bila kulalamika, akatazama huku na huku, akamwambia mama mwenye nyumba kwa sauti ya chini, "Mama, naomba pilipili." Yule mama, aliyekuwa amekaza uso tangu aliporudi kutoka alikokimbilia, alianza kucheka mpaka akakaa kwenye vumbi.

Marejesho yalinichosha kuliko filamu yenyewe. Kijana mmoja aliyekuwa kwao Dar es Salaam alishakata tiketi ya SGR aje kuzika, akadai nauli, nikamwambia aje tu, tutamtafutia sababu nyingine. Mjomba alidai ya basi, kwenda na kurudi, nikamlipa pale pale kwa sababu mkono wake bado nilikuwa nausikia masikioni. Wengine walisamehe. Mwenzake wa chumba alijaribu kudai arudishiwe ahadi.

Na Kamera, yule asiyesema, hakuwa amezima kamera tangu tulipokata kona. Kukimbia kote alikuwa nako, baba mwenye nyumba juu ya michongoma, kofi, kila kitu. Direkta akakesha anakata, muuaji wetu wa porini akabaki na dakika mbili, nane zikawa za Nkuhungu.

Ijumaa ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa chini. Mwalimu alikaa nyuma kabisa, mikono kifuani, hakucheka hata mara moja, ila mabega yalikuwa yanamcheza. Watu walipotawanyika akanisogelea mlangoni, akatazama kushoto na kulia.

"Mama Bajeti," akasema taratibu, "ile elfu ishirini yangu nayo…"

Nikafungua daftari. Kweli alikuwepo, ukurasa wa pili.

"Mwalimu, tiketi ilikuwa elfu mbili. Ulikuwa na viti kumi mle ndani. Tisa umeviacha wazi mwenyewe."