Muuza Samaki Wako Kasoma Wapi?

Kila nikikutana na kijana anayetaka kuandika riwaya, swali la kwanza ni lilelile: "Msukumo unaupata wapi?" Zamani nilikuwa najibu kwa mbwembwe, nataja bahari, mbalamwezi na upepo wa kusi. Uongo mtupu. Siku hizi nasema niliupata kwenye daladala, na jibu hilo halimfurahishi mtu.

Ilikuwa hivi. Jioni moja natoka kazini, ndani ya daladala la Ngamiani, kuna mama ana ndoo ya dagaa katikati ya miguu, anaongea na simu. Sauti imetulia kabisa, utadhani anaagiza chumvi dukani. "Mwambie baba yako nimehama. Ila ufunguo uko palepale." Akakata simu, akamwambia konda, "Shusha." Basi. Mtu kahama, lakini ufunguo kauacha palepale! Nilipitiliza kituo changu. Maneno yale niliyaandika nyuma ya risiti ya luku, na risiti ninayo mpaka leo. Namba za umeme upande wa mbele zimefutika zote, ya kwangu ya kalamu bado yanasomeka.

Huo ndio msukumo wote niliopewa kwa riwaya ninayoiandika sasa: maneno manane. Mengine yote yametoka kwenye kukaa kitako.

Naamka saa kumi alfajiri, naandika kwenye meza ya kulia chakula mpaka adhana, nikirudi msikitini naongeza nusu saa kabla watoto hawajaanza kutafuta soksi. Ukurasa mmoja kwenye kaunta buku, siku mbaya nusu ukurasa. Jambo nililoligundua, tena kwa kuchelewa, ni kwamba wazo zuri haliji kabla sijakaa. Linakuja mstari wa kumi hivi, baada ya mistari tisa ya takataka.

Anthony Trollope wa Uingereza, aliyekuwa mtumishi wa posta miaka mingi, alimwongezea mtumishi wake pauni 5 kwa mwaka ili awe anamwamsha na kahawa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri yuko mezani, saa yake imewekwa mbele yake, maneno 250 kila robo saa. Kaacha riwaya 47. Tawasifu yake ilipotoka mwaka 1883, yeye akiwa keshafariki, wapo waliochukia: kumbe bwana huyu alikuwa anahesabu maneno kama fundi anavyohesabu matofali! Heshima yake ikashuka kwa muda mrefu. Mimi niko upande wake, ingawa maneno 250 kwa robo saa siyawezi hata nikinakili gazeti, na anayeniamsha mimi ni jogoo wa jirani, ambaye wala hanitengenezei kahawa.

Kwetu Tanga hatuna haja ya kwenda mbali. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, alikuwa karani wa serikali: forodha, idara ya wanyama, baadaye upimaji ardhi. Vitabu vile vimeandikwa na mtu aliyekuwa anaripoti kazini asubuhi. Kwa hiyo kijana akiniambia anasubiri aache kazi ndipo aandike, namsikiliza kwa adabu tu. Wengi wanapenda zaidi habari ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeandika riwaya yake ya kwanza ya Kigikuyu kwenye karatasi za chooni akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978. Wanaipenda kwa sababu ina gereza. Mimi kinachonishangaza ni kwamba hata huko alikuwa anaandika kila alipopata nafasi, karatasi ikiisha anachukua nyingine.

Lakini kukaa peke yake hakutoshi, na hapa ndipo shangazi yangu anapoingia. Shangazi ana miaka sabini na kitu, macho hayaoni maandishi, masikio hayajambo. Jumamosi nakwenda kwake Chumbageni kumsomea. Sura ya pili nilikuwa nimemwandika yule mama wa ndoo akimwambia jirani: "Kwa hakika hali hii inanisikitisha mno, wala sioni namna ya kuendelea nayo." Shangazi akaacha kuchambua mchele.

"Huyu muuza samaki wako kasoma wapi?"

"Hajasoma, shangazi."

"Basi mbona anaongea kama taarifa ya habari? Mwanangu, mwanamke aliyechoka hasemi maneno yote hayo. Anasema, 'Haya,' anaingia ndani."

Nilifuta aya tatu, nikaweka "Haya." Ndiyo sura pekee mpaka sasa ambayo sijairudia tena.

Ugonjwa huu nauona kwenye miswada mingi ya vijana ninayoletewa: hadithi nzuri, lakini wote, bibi, konda na mtoto wa darasa la pili, wanaongea Kiswahili cha insha ya mtihani. Soma kwa sauti, umsomee mtu asiyekuogopa. Mkeo au mumeo anaweza kukuhurumia. Tafuta shangazi.

Kuhusu kuchapisha sina la kujivunia. Mchapishaji mmoja alikaa na muswada wangu wa kwanza miaka mitatu, akaurudisha bila barua, ukurasa wa kwanza una doa la chai. Nilijifariji kwamba angalau ukurasa huo aliufikia. Kuanzia ukurasa wa pili ulikuwa msafi kama ulivyotoka steshenari.

Hii ya sasa imefika sura ya 11 na bado sijui kama yule baba aliukuta ufunguo. Wiki iliyopita nilimuuliza shangazi anaonaje. Akapepeta mchele wake kidogo, akasema aliukuta, tena palepale, ila kitasa kilikuwa kimeshabadilishwa.