Unataka Miaka Mingapi?

Nilikwenda kutoa kopi kwenye steshenari moja hapa Mafiati, Mbeya. Mbele yangu kijana aliyemaliza chuo alikuwa anachapiwa barua ya uzoefu wa kazi. Mwenye mashine akamuuliza bila hata kushusha sauti, "Unataka miaka mingapi, kaka?" Kijana akafikiri kidogo, akasema mitatu. Ikachapwa mitatu ya uhasibu, katika kampuni ambayo jina lake walilitunga palepale. Mhuri ukatolewa kwenye droo. Sisi tuliokuwa kwenye foleni tukajifanya tunaangalia simu.

Hasira yangu haijapoa, na inapanda zaidi nikisikia watu wazima wakisema, "Mwacheni mtoto wa maskini atafute maisha." Maskini yupi? Namfahamu binti mmoja wa Mafinga aliyefanya kazi miaka minne kwenye yadi ya mbao. Alipokea mzigo, akapanga mbao kwa vipimo, akatunza daftari la mauzo, akalipa vibarua kila Jumamosi. Bosi akisafiri, yadi yote ilikuwa mikononi mwake. Ubao mbichi anautambua kwa kuunyanyua tu. Ilipotangazwa nafasi ya mtunza stoo, akatakiwa kuambatisha barua ya mwajiri wake wa zamani. Akamfuata bosi. Bosi akamjibu kwamba yeye hana utaratibu wa kuandika barua.

Hana utaratibu! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Haikusema akipenda. Kifungu cha 15 kinamtaka ampe maelezo ya kazi yake kwa maandishi tangu anapoanza. Ila sababu ya kukataa tunaijua sote tuliopita kwenye yadi za Mufindi, maduka ya Mwanjelwa na mashamba ya parachichi ya Rungwe. Bosi akiandika kwamba fulani alikuwa mfanyakazi wake kuanzia mwezi huu hadi mwezi ule, ametia saini ushahidi dhidi yake mwenyewe. Mkataba uko wapi? Michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 20 ya mshahara, ambayo nusu nzima au zaidi ilikuwa juu yake, ilikwenda wapi? Kwa hiyo anaogopa kuandika ukweli, wakati pale steshenari hakuna anayeogopa kuandika uongo. Matokeo yake aliyefanya kazi kwelikweli anaomba kazi mikono mitupu, akishindana na aliyenunua miaka mitatu asubuhi moja.

Yule binti hakuitwa hata kwenye usaili.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema barua ya kughushi haimuumizi mtu. Mwajiri akidanganywa atagundua baada ya miezi michache na atamfukuza mwongo. Mwombaji mwenzake aliyesukumwa nje hatagundua chochote. Atarudi nyumbani akiamini kwamba yeye ndiye hakutosha, na hilo linaniuma kuliko yote.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba matangazo yenyewe yanachochea. Kumdai mhitimu wa jana uzoefu wa miaka mitatu ili akae mapokezi ni uonevu. Na wanaowatumia vijana kwa kujitolea mwaka mzima bila hata nauli, kisha wakawanyima barua ya mistari miwili, ni wanyonyaji. Lakini kijana wa Mafiati hakumdanganya mnyonyaji. Alimruka mwenzake.

Mwaka 2017 uhakiki uliibua watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Walikamatika kwa sababu Baraza la Mitihani lina kumbukumbu za kulinganisha. Barua ya uzoefu italinganishwa na nini? Kuna namba ya simu chini yake, na binamu yeyote anaweza kuipokea. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inaonya kwenye matangazo yake kwamba wanaowasilisha sifa za kughushi watachukuliwa hatua za kisheria, na ni vyema. Ila ofisi nyingi huku kwetu zinaangalia mhuri, basi.

Maafisa utumishi wa Mbeya, Iringa na Njombe, nawaomba sana: ulizeni taarifa ya michango ya NSSF kwa anayedai aliajiriwa. Na asiye na karatasi msimtupe. Mpeni daftari la stoo lenye makosa, mwambieni alisahihishe mbele yenu. Nusu saa inatosha kumjua aliyewahi kushika stoo.

Na wewe unayeacha kazi mwezi huu, dai cheti chako cha utumishi kabla hujakabidhi funguo. Bosi akikataa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ofisi zipo Mbeya na zipo Iringa. Usikae ukisubiri huruma yake, maana mgogoro wa namna hii unatakiwa kufikishwa ndani ya siku 60. Binti wa Mafinga alipokuja kuniuliza, zilikuwa zimeshapita.