Nimepanda Ndege Kwenda Kutazama Miti

Jamani, mimi ni mtu wa Muheza. Mti kwangu una kazi tatu: kuni, machungwa, na ile fimbo unayotumwa ukaivunje mwenyewe ili mwalimu akuchape nayo. Ya nne siijui.

Sasa nimekwenda Ufaransa kumtembelea dada yangu. Mipango yangu mifupi: Mnara wa Eiffel, picha mbili tatu za kuwanyamazisha wa kijiweni, nirudi zangu. Jumapili asubuhi shemeji kanigongea mlango, kavaa mabuti. "Leo tunakwenda shamba."

Mimi nikisikia shamba najua tunakwenda kwao, na huenda kuna mbuzi. Nikavaa suti, na vile viatu vyeusi vya ncha kali.

Tumekwenda zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Paris, tumeipita Montargis, hadi Nogent-sur-Vernisson. Njia nzima hakuna hata muuza mahindi ya kuchoma. Vijiji kimya kama vimefiwa. Ikigonga saa sita mchana maduka yanafungwa kwa sababu watu wanakula, yaani wewe mwenye njaa unawasubiri walioshiba! Dada kabeba mkate mmoja mrefu kama mpini wa jembe na jibini lililonifanya nifungue dirisha. Mbuzi simwoni.

Tukafika. Arboretum ya Barres.

"Shemeji, huu ni msitu?"

"Hapana, ni mkusanyiko wa miti."

Nikatazama kulia, miti. Kushoto, miti. Tofauti ni kwamba hapa kila mti una kibao chenye jina lake la Kilatini, kama mgonjwa wa wodini. Mimi nina shangazi wawili ambao hadi leo nawaita "shangazi" tu kwa kuwa majina yamenitoka, na hapa kuna kichaka kina majina mawili. Ukubwa wa eneo ni hekta 35. Narudia, hekta 35, na viatu vya ncha.

Shemeji akishaona mti haoni mtu anavyochechemea. Akaanza: mwaka 1821 bwana mmoja, Philippe-André de Vilmorin, wa ukoo wa wauza mbegu, alilinunua eneo hili akapanda misonobari. Si aina ishirini, la! Msonobari uleule, ila mbegu za Riga, ambako walisifika kwa milingoti ya meli, mbegu za Uskoti, na za kwingineko, zote akaziweka pamoja aone ipi itanyooka vizuri. Kama mama mkwe aliyewaketisha wachumba wote wa bintiye kwenye baraza moja. Lakini mchumba utamjua kwa wiki mbili, anavyokula tu inatosha. Msonobari hujibu wewe ukiwa umeshazikwa. Mwaka 1866 serikali ikanunua sehemu ya shamba, na hapo mguu wangu wa kushoto ukaanza kutoa malengelenge.

Kisha akanileta kwenye habari ya mti wa leso. Mti wa Kichina, ukichanua unaning'iniza vitu vyeupe kama leso za kufutia jasho. Mwaka 1897 padri mmoja, Farges, aliyekuwa kule China, alimpelekea Maurice de Vilmorin, mjukuu wa yule bwana wa misonobari, mbegu 37. Zikapandwa hapa Barres. Mwaka mzima, kimya. Mwaka 1899 ikaota moja. Moja! Mama yangu angefukia mbegu 37 zikaota moja, mwenye duka la pembejeo angehama mji. Hawa wakaulea huo mmoja hadi 1906, ukachanua. Nikakiri hapo nilisahau viatu kidogo.

"Haya, leso ziko wapi?"

"Huchanua Mei."

Tuko Septemba.

Tukafika kwa jitu la California, sekwoia, gome jekundu na laini kama godoro. Shemeji akalipiga ngumi huku akicheka, akanihimiza nami nipige. Mtu mzima na suti yangu, nikapiga. Kweli haliumi. Nikaongeza ya pili, hiyo ilikuwa kwa niaba ya mbuzi.

Tukakaa chini tukala ule mpini. Nilikuwa nimejiandaa nimweleze shemeji, kwa heshima, kwamba mtu wa kwetu hasafirishwi kuja kutazama miti, kwetu miti ipo. Hata sijafungua mdomo, kanigeukia macho yakimwaka:

"Shemeji, si ndiyo ninyi wa Muheza mna ile bustani ya Amani? Ya Wajerumani, ya mwaka 1902, yenye miti ya kila pembe ya dunia? Mimi ndoto yangu ni kufika pale! Pakoje?"

Nina miaka arobaini na tatu. Amani naijua kwa kusoma kibao cha daladala.

"Pazuri sana, shemeji," nikamwambia.

"Kuna nini hasa?"

Nikamega kipande cha mkate, nikatafuna polepole.

"Kuna miti."