Nilichofuta Hakikufutika

Muzee, mkuu wa ofisi yetu ndogo ya uhasibu pale Nyawera, Bukavu, alikuwa anashuka Uvira, na kwenye njia ya mlima wa Ngomo mtu hashiki simu, anashika kiti. Kwa hiyo akaniachia agizo: Alhamisi saa tatu asubuhi kuna mafunzo ya uhasibu wa OHADA, ile jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, yanatoka Kinshasa kwa Zoom. "Kijana, unirekodie yote. Hata kikohozi cha mwalimu nikisikie."

Ilikuwa mwaka 2021, korona imehamishia kila kikao kwenye kompyuta, na mimi nilijiona fundi. Niliweka OBS Studio, programu ya kurekodi yanayopita kwenye kompyuta, nikachagua kurekodi skrini nzima, nisipitwe na kitu. Faili nikalipa muundo wa MKV badala ya MP4, maana umeme wa Bukavu huondoka bila kuaga. MP4 ya kawaida ikikatwa kabla ya kufungwa, mara nyingi haifunguki tena. MKV huhifadhi kila kitu mpaka sekunde ile ya giza. Kwa werevu huo nilijisifu peke yangu, kwa sauti.

Saa tatu kamili nikabonyeza. Zoom ikaniambia nimsubiri mwenyeji. Saa tatu na robo, kimya. Saa tatu na nusu, kimya. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa nzima! Nchi ni moja, lakini sisi jua tunaliona kwanza. Mzaliwa wa Kadutu mzima, nimelisahau hilo kama niliyeshuka jana na mtumbwi.

Nikaacha kurekodi kuendelee, nikafanya mengine. Nikafungua WhatsApp kwenye kompyuta ileile. Mke wangu alikuwa ametuma picha ya sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kwenye sahani: "Baba watoto, za leo ni ndogo na bei imepanda. Tuma franka 10,000." Nikamjibu: "Tungoje Muzee alipe. Unamjua, mkono wa birika."

Kisha nikafungua barua yangu ya kuomba kazi kwingine. Niliiandika kwa Kifaransa, kama desturi ya maofisi yetu, na pale pa kueleza kwa nini nataka kuondoka nilihangaika kweli. Nikaandika: "Mkuu wangu ni mchoyo." Nikafuta. "Mkuu wangu angeweza kuuza kivuli chake mwenyewe." Nikacheka, nikafuta. Mwishowe nikatulia na hii: "Mkuu wangu ni mwangalifu mno wa fedha." Nikaona nimeandika kiungwana.

Saa nne mafunzo yakaanza. Sauti nilikuwa naipata kwenye visikilizi, basi Zoom nikaiweka nyuma ya madirisha mengine, nikaendelea na barua. Nikatazama na bei za Toyota, gari ambalo mshahara wangu haulijui. Mwishoni nikairudisha Zoom mbele ili niandike asante kwa mwalimu, na nilipofika "asan", umeme ukaenda.

Jioni uliporudi, faili lilikuwapo, zima, giga tatu na kitu. Nikalikagua kama mnunuzi wa gunia la maharagwe, kuchungulia juu na chini. Mwanzoni Zoom, mwishoni Zoom. Nikalitia kwenye flashi, nikampelekea Muzee Jumamosi alipopanda kutoka Uvira.

Jumatatu aliniita akiwa na daftari.

"Nimetazama jana sebuleni, kwenye televisheni kubwa. Tulikuwa na mama na watoto."

"Aksanti, Muzee."

"Mwalimu anasema, 'Tazameni hapa kwa makini, kosa hili wengi hulifanya.' Natazama kwa makini. Naona magurudumu ya Toyota."

Miguu ikapoa.

Akafunua ukurasa. "Dakika ya 41, kivuli changu. Mama alicheka mpaka akatoka nje. Anasema pia, sambaza za Alhamisi zilikuwa ndogo kweli."

Kijana wa staji, aliyekuja kwetu kujifunza kazi, ndiye aliyenieleza baadaye, kwa upole unaouma, kwamba ningechagua kurekodi dirisha la Zoom peke yake. Hapo unaweza kulifunika kwa madirisha mengine utakavyo, isipokuwa usilishushe chini kabisa, maana picha itaganda. Akauliza kama nilizima kipaza sauti. Sikukizima. Kwa hiyo familia ile ilisikia pia sauti yangu ya tenor, nikifanya mazoezi ya kwaya juu ya mafundisho ya kodi. Lakini kinachoniuma hadi leo ni ile MKV. Ningekuwa mjinga kidogo tu, nikachagua MP4, umeme ungeniokoa.

Sikuwa nimejua kwamba Muzee, kabla ya uhasibu, alifundisha Kifaransa miaka mingi. Alikuwa amesimamisha video kila mstari, akainakili barua yangu yote kwa mkono. Akaisukuma mezani kuelekea kwangu. Ilijaa wino mwekundu: vitenzi vimenyooshwa, alama zimewekwa mahali pake, aya moja imehamishwa, na kwa kweli ilipendeza kuliko yangu. Pembeni mwa "mwangalifu mno wa fedha" ameandika: "Toa mfano."

Nikabaki nimeinama juu ya karatasi. Akaingiza mkono mfukoni, akahesabu noti polepole, akarudia kuzihesabu, akaziweka juu ya barua. Franka 10,000.

"Za sambaza," akasema. "Nitazikata mwisho wa mwezi."